Kuhifadhi Majengo ya Zamani ya Mji Mdogo: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Kujitolea Uganda

Pita barabara kuu ya Jinja, Mbale, Soroti au Tororo alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, kisha inua macho yako juu ya mabango ya kampuni za simu. Kwenye ukingo wa juu wa ukuta utaona jina la ukoo wa Kihindi na mwaka, vimechorwa kwenye lipu wakati ilipokuwa mbichi. Chini yake kuna veranda yenye nguzo, milango ya mvule ya kukunja, na nyuma ya duka ua ambamo familia ilipika na kulala. Nyumba hizo zilijengwa kwa fedha ya pamba na ya reli. Pamba iliingizwa Uganda kama zao la biashara mwaka 1903, reli ya Busoga kutoka Jinja hadi bandari ya Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912, na njia kuu ikafika Kampala mwaka 1931. Kila ilipowekwa stesheni au kiwanda cha kuchambua pamba, mji ulichipuka.

Mwongozo huu unatokana na kazi ya kikundi chetu katika mji mmoja wa reli upande wa mashariki. Tunakutana kwa Kiswahili kwa sababu miongoni mwetu kuna Basoga, Iteso, Wanubi (wazao wa askari wa Kisudani) na familia mbili za Kihindi zilizorudi, na ndiyo lugha pekee ambayo hakuna anayejiona mgeni ndani yake. Hatukuwa na mhandisi wala mfadhili tulipoanza. Tulichokuwa nacho ni ngazi mbili, na imani kwamba kazi ya kwanza ni kupaka rangi. Imani hiyo ilikuwa potofu, na sehemu kubwa ya ushauri ufuatao ni namna ya kuepuka kosa hilo: anzeni na karatasi na paa, rangi iwe ya mwisho kabisa.

Hatua ya kwanza: tembeeni na kuhesabu

Chagueni siku mbili za kiangazi, gaweni mji katika mitaa, na watu wawili wawili wapite kila mtaa wakiandika kila jengo wanalodhani lina umri wa miaka 50 au zaidi. Msichague mazuri peke yake. Boma la mkuu wa wilaya, msikiti, hekalu na kanisa kila mtu atayakumbuka. Yanayosahaulika ni nyumba za wafanyakazi wa reli, godauni la pamba, soko la zamani, zahanati, kisima cha pampu ya mkono na makaburi. Katika orodha yetu ya kwanza tuliliacha tangi la maji la stesheni kwa kuwa halikuwa nyumba, na miezi michache baadaye likakatwa vipande na kuuzwa kama vyuma chakavu.

Kabla ya kutembea, mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji au mtaa) wa kila eneo apelekewe barua na apigiwe simu. Watu wanaopiga picha za nyumba bila maelezo huonekana mara moja kuwa mawakala wa ardhi, na habari hiyo ikishaenea ni vigumu kuifuta.

Hatua ya pili: kila jengo liwe na faili lake

Faili ni karatasi mbili na picha. Andikeni jina la mtaa na namba ya kiwanja, mwaka ulioandikwa ukutani ikiwa upo, vifaa vya ujenzi (matofali ya kuchoma, mawe, udongo, mabati, vigae), matumizi ya zamani na ya sasa, na hali ya sehemu nne kwa mpangilio huu: paa, mifereji, kuta, msingi. Kwa kila sehemu tumieni maneno matatu tu, yaani nzima, inahitaji matengenezo, hatari. Tuliwahi kutumia alama za moja hadi kumi, tukagundua kwamba saba ya mtu mmoja ni nne ya mwenzake.

Picha zipigwe kwa utaratibu uleule kila mara: uso wa jengo mkiwa mmesimama katikati yake, kila pembe, kila mlango, maandishi yote, na kila ufa ukiwa na rula au sarafu kando yake ili ukubwa uonekane. Simu ya kawaida inatosha, mradi mahali pa GPS pamewashwa. Jina la kila picha liwe mtaa, namba ya kiwanja na tarehe. Nakala moja ikae kwenye kompyuta ya kikundi, moja kwenye diski inayowekwa nyumba nyingine, na moja kwenye hifadhi ya intaneti. Faili iliyo kwenye simu ya mtu mmoja si faili ya kikundi.

Ufa una namna yake ya kuchunguzwa. Chukueni penseli, wekeni mstari mdogo mahali hasa ufa unapoishia, andikeni tarehe kando, kisha rudini kila mwezi. Ufa uliosimama miaka 40 unaweza kuachwa. Ule unaovuka mstari wenu ndani ya msimu mmoja wa mvua unahitaji mhandisi, na hapo kikundi cha kujitolea kinapaswa kukaa pembeni.

Hatua ya tatu: jueni nyumba ni ya nani

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama, na kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, na mali walizoziacha zikaingia mikononi mwa bodi ya kusimamia mali hizo. Sheria ya mwaka 1982 iliwapa wenyewe njia ya kudai mali yao. Wengine walirudi, wengine walirudishiwa hati kisha wakauza, wengine hawakudai kabisa. Matokeo yake ni kwamba katika mtaa mmoja wa maduka kumi unaweza kukuta jengo ambalo mwenyewe anaishi Leicester, Uingereza, na kumwachia wakala, jengo ambalo wapangaji wanalipa kodi kwa watu wawili wanaogombana, na jengo lililonunuliwa kihalali mara tatu. Kila mmoja wao ana sababu ya kuwaogopa ninyi.

Katiba ya mwaka 1995 inatambua umiliki wa ardhi wa aina nne: wa kimila, wa kudumu, wa mailo (mfumo ulioanzia Buganda) na wa kukodi. Majengo mengi ya mijini yako kwenye ardhi ya kukodi, na muda wa kukodi unapokaribia kwisha, mwenye nyumba hana hamu ya kutengeneza paa. Kwa hiyo, kabla ya kumlaumu mtu kwa uzembe, ombeni taarifa za kiwanja kwenye ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, mkiwa na namba ya kitabu na ukurasa wa hati ikiwa mpangaji au wakala yuko tayari kuwaonyesha. Upekuzi huo una ada yake. Lipieni kwa viwanja vichache mnavyovihitaji mwaka huo, msilipie mji mzima.

Mkishampata mwenyewe, aende kwake mtu mzima wa kikundi, tena asiende na orodha ya makosa. Sisi tulifanikiwa zaidi tulipobeba picha ya zamani ya jengo lake mwenyewe na kumuuliza waliomo ni akina nani. Mzee mmoja aliyekuwa ametukatalia mara mbili kwa simu alituketisha kwa saa tatu siku tuliyompelekea picha, kisha akatuonyesha barabarani kwa kidole mahali mfereji wa paa ulipokuwa ukivuja tangu alipokuwa mwanafunzi.

Makubaliano yaandikwe, hata yakiwa nusu ukurasa: ni sehemu gani mtaigusa, nani ananunua vifaa, nani anawajibika mtu akianguka, na kwamba kazi yenu haiwapi haki yoyote juu ya ardhi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayofungua milango. Nakala moja ibaki kwa mwenye nyumba, moja kwa mpangaji, moja kwenu. Mpangaji asisahaulike, kwani ndiye anayelala chini ya paa mnalolizungumzia.

Hatua ya nne: usajili na vibali

Kikundi cha jamii kinachofanya kazi ndani ya wilaya moja husajiliwa wilayani, na mlango wa kuingilia ni ofisi ya afisa maendeleo ya jamii. Mtahitaji katiba fupi, orodha ya viongozi na kumbukumbu za mkutano. Usajili ndio unaowawezesha kufungua akaunti ya benki na kuandikia halmashauri barua inayojibiwa.

Kuziba mfereji au kupaka chokaa ni matengenezo, lakini kubadilisha ukuta, paa au nguzo ni ujenzi, na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inadai kibali. Muulizeni mhandisi wa halmashauri kabla, mpate jibu lake kwa maandishi. Kwa jengo lenye uzito wa kitaifa, wasiliana na Idara ya Makumbusho na Minara ya Kumbukumbu iliyo chini ya Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Sheria ya zamani ya mwaka 1967 imeshabadilishwa na Sheria ya Makumbusho na Minara ya Kumbukumbu ya mwaka 2023, kwa hiyo afisa akiwasomea kifungu cha ile ya kwanza, mwonyesheni kwa adabu ile mpya. Shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda, ambalo limewahi kutoa ramani za majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja, ni mahali pazuri pa kuona orodha iliyokamilika inavyofanana.

Hatua ya tano: maji kwanza

Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Katika nyumba za mji wetu, ufa huanzia juu, kwenye mfereji wa paa. Majani ya mwembe na viota vya ndege huziba mfereji, maji hufurika nyuma ya ukingo wa ukuta, hulowesha kichwa cha ukuta na ncha za boriti, kisha hushuka ndani ya matofali hadi lipu inapovimba. Miaka kumi baadaye watu husema nyumba imezeeka.

Kalenda ya kikundi basi ifuate mvua. Kusini na mashariki ya nchi kuna misimu miwili, wa Machi hadi Mei na wa Septemba hadi Novemba. Kaskazini kuna msimu mmoja mrefu. Mwezi mmoja kabla ya kila msimu safisheni mifereji na mabomba yote ya jengo, pigilieni misumari iliyolegea kwenye mabati, na zibeni matundu. Siku ya mvua kubwa ya kwanza mtu mmoja asimame nje na mwavuli, aangalie maji yanakokwenda na kuyachora kwenye karatasi. Nusu saa hiyo inafundisha kuliko ukaguzi wa siku tatu za jua.

Kisha tazameni chini. Bomba likitema maji mguuni pa nguzo, msingi utatitia hata kama paa ni jipya. Chimbeni mtaro mdogo unaoelekeza maji mbali na ukuta. Kuna tatizo jingine ambalo halisemwi sana: barabara inapowekwa lami juu ya lami, hupanda, na veranda iliyokuwa juu ya barabara mwaka 1930 sasa iko chini yake. Hilo kikundi hakiwezi kulitatua kwa koleo. Pigeni picha siku ya mafuriko na muipeleke kwa mhandisi wa halmashauri kabla ya mradi wa barabara unaofuata kutiwa saini.

Hakuna anayepanda paa peke yake, na hakuna anayepanda likiwa limelowa.

Hatua ya sita: chokaa

Katika mwaka wetu wa pili tulitengeneza nguzo nne za veranda kwa lipu ya saruji, ngumu na laini kama kioo, na tukapigwa picha mbele yake. Baada ya misimu miwili ya mvua lipu ilibanduka kama ganda la yai, ikaondoka na uso wa matofali. Fundi mwashi mmoja mzee, ambaye hatukumuuliza kabla, alicheka sana.

Sababu ni hii. Matofali ya zamani ya kuchoma ni laini na hunywa maji, na yalijengwa kwa udongo au chokaa, ambavyo huruhusu unyevu kutoka tena jua linapowaka. Saruji huufungia unyevu ndani. Maji yasiyopata njia hubeba chumvi hadi nyuma ya lipu, chumvi hukauka na kutanuka, na tofali ndilo linalovunjika kwa kuwa ni dhaifu kuliko saruji. Kanuni ya kufuata ni kwamba kiraka kiwe laini kuliko ukuta, ili siku ya kuharibika kiharibike kiraka.

Chokaa ya ujenzi inapatikana nchini. Muhokya, wilayani Kasese, ni mahali panapojulikana kwa kazi hiyo. Nunueni mifuko iliyofungwa ambayo bado ni mipya, kwa sababu chokaa iliyokaa wazi huungana na hewa na kupoteza nguvu. Loweka chokaa katika pipa hadi iwe kama siagi, na ikae siku kadhaa. Ikikaa wiki kadhaa chini ya maji ni bora zaidi. Changanyeni kipimo kimoja cha chokaa na vipimo vitatu vya mchanga msafi wenye chembe kali, na mkiwa na vumbi la matofali yaliyosagwa ongezeni kidogo, kwani husaidia mchanganyiko kushika. Ondoeni lipu iliyokufa, piga brashi, lowesheni ukuta vizuri, kisha pakeni tabaka jembamba lisilozidi unene wa kidole. Chokaa hushika kwa hewa, tena polepole. Funikeni kazi kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa ili jua lisiikaushe kwa haraka, na msiweke tabaka la pili kabla la kwanza halijashika.

Kwa kupaka, chokaa iyeyushwe hadi iwe nyepesi kama maziwa na ipakwe mara nne au tano juu ya ukuta uliolowa. Vijana watataka kupaka mara moja nzito wamalize, itapasuka. Kila mtu avae miwani na glavu, na ndoo ya maji safi ikae karibu, maana chokaa ikiingia jichoni huunguza. Mkipata chokaa mbichi ya mawe, ni chokaa inayotiwa kwenye maji kidogo kidogo; maji yakimwagwa juu ya chokaa, huchemka na kuruka.

Maandishi na miaka iliyo juu ya ukuta isipakwe lipu wala isikwanguliwe kwa waya. Brashi laini na maji vinatosha. Ikiwa kampuni inataka kupaka jengo zima rangi za bidhaa yake, jambo ambalo wenye nyumba hulikubali kwa sababu rangi ni ya bure, jaribuni angalau kuomba ukingo wa juu uachwe. Mara nyingi hukubaliwa, kwa kuwa wapakaji wenyewe hawapendi kupanda huko.

Mbao, mchwa na paa la asbesto

Moyo wa mti wa mvule hustahimili mchwa na mvua kwa miongo mingi, na ndiyo maana milango hiyo bado ipo. Mti huo umekuwa adimu, basi mlango uliooza chini usitupwe: fundi seremala akate sehemu iliyooza na kuunga kipande cha mbao ya aina ileile. Vunjeni njia za udongo za mchwa kila mnapoziona na mtafute zinakotoka, ambako kwa kawaida ni mahali penye unyevu mlipopaswa kupashughulikia katika hatua ya tano.

Baadhi ya nyumba za serikali na za reli zimeezekwa kwa karatasi za asbesto, ambazo ni za kijivu, zina mawimbi, na ni nene kuliko bati. Msizikate, msizitoboe, msizisugue. Vumbi lake huingia mapafuni na madhara huonekana baada ya miaka mingi. Andikeni kwenye faili, wajulisheni mwenye nyumba na halmashauri, na muondoke.

Hatua ya saba: sauti za waliokuwepo

Kazi hii ifanyike sambamba na nyingine, kwa kuwa wazee hawangoji bajeti. Waendeeni wawili, mmoja wa kuuliza na mwingine wa kurekodi, na mmoja wao awe mtu anayejulikana katika nyumba hiyo. Mwambieni mzee mapema rekodi itawekwa wapi na nani ataisikia, kisha mwache achague lugha. Wanubi wazee wa mji wetu hutusimulia habari za kambi kwa Kiswahili na habari za harusi kwa Kinubi, na hatuwaingilii. Swali la “historia ya mji ni ipi?” huleta hotuba. Ulizeni nani aliuza mkate kwenye kona hii, treni ilipiga honi saa ngapi, mlilipa nini kuingia sinema. Mambo ya mwaka 1972 yataletwa na mzee mwenyewe akitaka. Familia moja ilipata duka, nyingine ililipoteza, na wote wawili wanaweza kuwa majirani leo.

Rudisheni nakala kwa kila aliyerekodiwa. Pia tengeni siku moja kila baada ya miezi mitatu ya kazi ya pamoja, ile ambayo Baganda huiita bulungi bwansi, ambapo mtaa mzima unasafisha mifereji na wazee wanakaa verandani wakitoa maelekezo. Gharama yake ni chai na mandazi, na wanachama wetu wengi wapya walipatikana siku hizo.

Jengo likitakiwa kubomolewa

Mipango ya kubomoa hupita katika kamati ya mipango miji kabla tingatinga halijafika, kwa hiyo mwanachama mmoja awe na kazi ya kusoma matangazo kwenye ubao wa halmashauri kila wiki. Pingamizi liwe la maandishi, liambatane na faili la jengo, na lipendekeze matumizi ambayo mwenye nyumba anaweza kupata kodi kwayo. Pingamizi huweza kufaulu hata dhidi ya mradi mkubwa: ulipotokea mpango wa kujenga ghorofa refu la biashara kwenye kiwanja cha Makumbusho ya Uganda huko Kampala, watetezi wa urithi walikwenda mahakamani, na jengo lile lililobuniwa na Ernst May na kufunguliwa mwaka 1954 lingali limesimama.

Mara nyingine mtashindwa. Hapo msigombane na mwenye nyumba siku ya mwisho, bali mwombeni asubuhi moja. Watu wanne wenye futi kamba wanaweza kupima duka la vyumba vitatu kwa saa tatu: urefu na upana wa kila chumba, unene wa kuta, kimo cha paa, nafasi kati ya nguzo, na mchoro wa mlango mmoja kwa vipimo kamili. Kisha ombeni tofali moja, bawaba moja, kipande cha lipu chenye rangi zote zilizowahi kupakwa, na ule ukingo wenye mwaka ikiwa unaweza kushushwa mzima. Kila kitu kifungwe kikaratasi chenye namba ya kiwanja na tarehe kabla hakijaondoka uwanjani, kwa sababu jioni ile, kwenye stoo, matofali yote hufanana.